Kaka alitoa mtamba kulipa deni la baba siku ya tano ya msiba: yaliyotupata kwenye mirathi Rungwe, soma kabla hayajakukuta

Binti Kiwira:

Habari za jioni wanajamvi. Mwagonile kwa wa kwetu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Humu nimezoea kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu mwezi uliopita tumefunga mirathi ya baba, na kuna mambo ningeyajua mapema, mama yangu asingelia mara mbili: kumlilia mume, kisha kuililia mali. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Baba alifariki Julai, miaka miwili iliyopita, kijijini karibu na Kiwira. Mnaoijua Rungwe mnaijua baridi ya Julai. Turubai linadondosha umande mpaka saa nne asubuhi, watu wamezunguka moto wa magogo. Aliacha ekari mbili na nusu za migomba na kahawa, ndani yake miparachichi michanga, kiwanja kimoja Uyole, ng'ombe watatu wa maziwa na nyumba anayokaa mama. Wosia hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, Mmoravian, mtu wa kuandika kila kitu, lakini ukitaja wosia anakwambia "mnanichuria".

Siku ya tano tumekaa mkekani, akaingia kijana wa pikipiki na karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Ni wa hii mikopo ya mitaani ya riba kali tunayoiita kausha damu. Akasema, mbele ya waombolezaji wote, kwamba marehemu anadaiwa 1,900,000. Kaka yangu mkubwa alinyanyuka bila kumuuliza mtu. Akaenda bandani, akamfungua mtamba, akamkabidhi kamba yule kijana. "Baba asilale kaburini na deni." Mama alikuwa chumbani. Alichosikia ni mlio wa mtamba wake ukielekea barabarani.

Siku ya kuanua tanga ndipo wifi yangu, akikunja nguo za marehemu, akakuta kauntabuku kwenye sanduku la bati, chini ya Biblia. Ukurasa mmoja umeandikwa juu MKOPO. "Nimechukua 500,000 narudisha 600,000." Chini yake mistari tisa. Kila mstari una tarehe, 50,000, na sahihi ya kijana yuleyule. Mwandiko wa baba wa bluu, sahihi nyeusi. Piga hesabu: kalipa 450,000, amebakiza 150,000. Na mtamba aliyeondoka hauzwi chini ya 700,000 mnada wowote wa huku.

Tulikwenda na lile daftari kwa mtendaji wa kata. Kijana alinywea. Mtamba alishauzwa, tukarudishiwa 400,000. Haki ilikuwa 550,000, ila mama alisema tuishie hapo, amechoka kuitwa ofisini.

Tangu siku ile nikaanza kuuliza: mahakamani, kwa wasaidizi wa kisheria, kwa yeyote aliyepitia. Mtu akifariki mali yake inasimama. Si ya mjane, si ya kifungua mimba, si ya ukoo, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Anayeuza, anayegawa au anayelipa mdai kabla ya hapo ameingilia mirathi, hata kama nia yake ni safi kama ya kaka, na anaweza kutakiwa kurudisha. Kwa hiyo mdai akija msibani mpokeeni kwa heshima, mpeni chai, mwambieni aache jina, namba na nakala ya mkataba. Msimamizi akiteuliwa atamwita. Kama deni ni la kweli halitakimbia.

Na deni la marehemu linalipwa kwa mali ya marehemu. Zinaanza gharama za mazishi na za kuendesha mirathi, yanafuata madeni, kinachobaki ndicho kinaitwa urithi. Hakuna mdai mwenye ruhusa ya kujichukulia ng'ombe, pikipiki wala shamba bila amri ya mahakama. Angalieni kitu kimoja tu: mtoto aliyeweka sahihi kama mdhamini anadaiwa kwa jina lake mwenyewe, uwepo urithi au usiwepo. Na kama mkopo ulikuwa wa benki, ulizeni bima ya mkopo kabla ya kulipa chochote. Mikopo mingi ya benki inakatwa bima ya kifo tangu siku ya kwanza, na familia hulipa deni ambalo bima ilipaswa kulimaliza, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Naendelea hapo chini, simu inakata chaji.

Fundi Mbao Mafinga:

Pole sana dada. Mimi yangu ni hii. Kaka yetu ni msimamizi mwaka wa tatu huu. Mzee aliacha miti ya paina ekari sita huku Mufindi. Kaka ameshavuna karibu nusu, anasema "mimi ndiye mwenye barua ya mahakama". Hatujaona hata shilingi. Tumfanyeje?

Binti Kiwira:

Mkuu, pole. Hilo neno "mwenye barua" ndilo linaloua familia nyingi. Msimamizi ni mtumishi wa mirathi. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu, kazi yake inaisha.

Mahakama ya mwanzo ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa anatakiwa apeleke Fomu Na. 5, orodha ya mali zote na madeni yote. Baada ya hapo Fomu Na. 6, hesabu: kimeingia nini, kimetoka nini, nani kapata nini. Kama mirathi ilifunguliwa mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Nendeni mahakama ileile iliyomteua, mkiwa na namba ya shauri, mwombe kukagua jalada. Kama fomu hizo hazimo, andikeni maombi aitwe atoe hesabu. Asipoeleweka, mahakama ina uwezo wa kumwondoa na kuteua mwingine. Kuuza ana mamlaka, kujinufaisha hana.

Na msiende mikono mitupu. Hesabuni visiki, pigeni picha, tafuteni aliyenunua magogo na stakabadhi zake za ushuru. Visiki ni ushahidi mzuri kuliko maneno.

Fundi Mbao Mafinga:

Visiki vipo vyote. Jumamosi napanda huko na mdogo wangu.

Binti Kiwira:

Nimerudi. Niwaeleze tulivyofungua.

Kwanza cheti cha kifo. Kifo kinaandikishwa ndani ya siku 30 na cheti ni cha RITA, wakala wa serikali wa kuandikisha vizazi na vifo, kwa wilayani mnakwenda ofisi ya mkuu wa wilaya. Kibali cha mazishi si cheti, tulipoteza wiki nzima kwa kutojua hilo. Kisha kikao cha ukoo na muhtasari wake, ambao mahakama huomba kuuona. Kikao chetu kilimpendekeza baba mdogo. Yeye siku ya tatu ya msiba alikuwa ameshasimama na kusema shamba la chini, lile la kahawa, "linarudi kwa ukoo" na mama abaki na nyumba.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Ukoo unapendekeza, mahakama ndiyo inateua. Mtu yeyote mwenye masilahi, mjane au mtoto, anaweza kuweka pingamizi, au kuomba yeye mwenyewe. Mama aliweka pingamizi. Hana shule kubwa, alisimama mbele ya hakimu na kitenge chake cha msiba, akasema: "Hilo shamba la kahawa nimelipanda na mume wangu. Miche tuliibeba kichwani." Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho. Tukateuliwa wawili, mimi na kaka.

Swali la kwanza la karani lilinishangaza: marehemu aliishi kwa mila au vipi? Sababu yake ni kwamba mahakama ya mwanzo inasikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Sisi ni Wakristo, ila baba aliishi kijijini, alilipa mahari kwa mila, mambo yake yote yalikwenda kimila, tukaeleza hivyo. Ambao marehemu wao waliishi kwa namna nyingine hupelekwa mahakama ya juu. Ulizeni mapema, msije mkamaliza mwaka mkaambiwa mlikosea mlango. Na wanaofungua huko juu baada ya miaka 3 tangu kifo wanatakiwa kueleza sababu ya kuchelewa.

Basi tangazo likabandikwa, tukala kiapo, tukaanza kukusanya. Lile kauntabuku ndilo lililotuongoza. Nyuma kabisa baba aliandika waliokuwa wanamdai na anaowadai. Jirani mmoja alikuwa na 320,000 ya mbao. Kabla hatujamfuata alikuja mwenyewe jioni moja, kavua kofia mlangoni, fedha kafunga kwenye leso. "Mzee aliniamini bila karatasi," akasema. Nilipomwonyesha jina lake kwenye daftari alilia kama mtoto.

Mzee wa Makete:

Nimesoma yote binti yangu, pole kwa msiba. Lakini nami niseme la moyoni. Shamba la ukoo lina maana yake. Binti anaolewa, anakwenda kwa watu. Kesho mumewe anauza, makaburi ya babu zetu yanakuwa ndani ya uzio wa mgeni. Mila haikuwekwa na wajinga.

Binti Kiwira:

Shikamoo mzee. Nakuelewa, na makaburi ya kwetu nayo yako ndani ya ile migomba. Kwenye mgawo tuliandika kabisa kwamba eneo la makaburi haligawiwi wala haliuzwi, wote tukaweka sahihi. Hofu yako ina dawa. Ila dawa yake si kumtoa mama aliyelima miaka 38.

Msaidizi wa Kisheria Iringa:

Mzee wangu, kwa heshima niongeze. Kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, kweli zilisema mwanamke atumie ardhi ya ukoo bila kuiuza. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri la Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory lililotoka Kagera, ilisema mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kifungu cha 20 kinasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kwa hiyo ukoo unaweza kukubaliana mambo mengi mazuri kuhusu makaburi na nani auziwe kwanza, lakini hauwezi kusema "kwa kuwa ni mwanamke".

Mzee wa Makete:

Hilo la kuandika makaburi yasiguswe nimelipenda. Nitalipeleka kwa wenzangu.

Mjane wa Usangu:

Naombeni msaada ndugu zangu. Mume wangu amefariki mwezi wa tatu. Tuna ekari nne za mpunga Mbarali. Tumeishi miaka 14, watoto watatu, mahari ililipwa nusu, ndoa ya kanisani hatukufunga. Shemeji ameshaingiza trekta shambani. Nilikwenda baraza la kata, wakaandika kwamba mimi si mke halali na shamba ni la ukoo. Nimekata tamaa.

Msaidizi wa Kisheria Iringa:

Mama, usikate tamaa. Nitakujibu kwa urefu, soma taratibu, ikibidi umpe mtoto akusomee tena.

Kuhusu baraza la kata: tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi linapatanisha tu. Halitoi hukumu. Ndani ya siku 30 wasipowapatanisha, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Karatasi uliyopewa si hukumu ya kukunyang'anya shamba, itunze tu ionyeshe kwamba ulikwenda.

Kuhusu ndoa: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua hivyo, inadhaniwa ni mume na mke mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Wewe una miaka 14. Tafuta mwenyekiti wa kitongoji, majirani, kadi za kliniki za watoto zenye majina yenu wawili.

Kuhusu shamba, na hapa ndipo wajane wengi wanakosea. Usiende kuomba "urithi" tu. Zile kanuni za 1963 ni ngumu kwa mjane. Zinasema hana sehemu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, atunzwe na watoto. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Kwa hiyo anza na kilicho chako. Mlilima pamoja, mlinunua pamoja, basi sehemu yako si mali ya marehemu hata kidogo. Itengwe kwanza, kinachobaki ndicho kiingie kwenye mirathi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. Lile lilikuwa shauri la talaka, lakini hoja ya mchango ndiyo unayoishika. Je, shamba mlilipataje?

Mjane wa Usangu:

Ekari mbili alipewa na baba yake. Mbili tulinunua 2016 kwa fedha ya mpunga, mimi ndiye nilikuwa napeleka mashineni kukoboa. Karatasi ya mauziano ninayo, ina jina lake, ila mimi nimeweka dole gumba kama shahidi.

Msaidizi wa Kisheria Iringa:

Hilo dole gumba lako lina thamani kubwa mama. Ile karatasi isitoke mikononi mwako. Toa nakala tatu, halisi iweke kwa mtu unayemwamini nje ya ule ukoo. Na watoto wako wana haki kamili kwa upande wa baba yao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake.

Kijana wa Uyole:

Mimi mzee wangu yupo hai, ana miaka 71, wake wawili, na watoto hatuelewani sana. Nikitaja wosia nitaambiwa nataka afe. Naanzaje?

Binti Kiwira:

Mdogo wangu, usianze na neno wosia. Nakwambia nikiwa nimekosea kwa baba mara tatu. Anza na daftari. Mwambie, "baba, nani unamdai, nani anakudai, mipaka ya shamba la juu inaishia wapi? Twende tukaione." Wazee wanapenda kuulizwa mipaka. Ukitembea naye kwenye mipaka, majirani wanashuhudia, na yeye mwenyewe ataanza kusema huyu apate hapa, yule pale. Siku hiyo ndiyo ya kumwambia tuyaandike.

Kama kijiji chenu kina mpango wa matumizi ya ardhi, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Kwa mzee mwenye wake wawili, kila mama na eneo lake lenye hati, nusu ya ugomvi imekwisha mzee akiwa hai.

Msaidizi wa Kisheria Iringa:

Akifika kwenye kuandika: wosia wa kimila uwe wa wino, una tarehe, unasema mwenyewe ana akili timamu na hakushurutishwa, na una sahihi yake. Kama anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa mdomo nao ni wanne. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie, kwenu wake wote wawili. Anayerithi asiwe miongoni mwa mashahidi hao, familia nyingi zinaharibu wosia hapo. Akitaka kumnyima mtoto, aandike waziwazi na sababu, na mtoto huyo apewe nafasi ya kujieleza. Mkiwa Waislamu, wosia usizidi theluthi moja ya mali na usimpe mrithi, zilizobaki zinafuata mafungu. Kuhifadhi, RITA wanapokea wosia. Nakala moja kwa mchungaji, shehe au wakili pia ni busara.

Kijana wa Uyole:

Shukrani. Jumapili baada ya ibada namwomba twende tukaangalie mipaka.

Mjane wa Usangu:

Nimekwenda mahakama ya mwanzo leo asubuhi, nimepewa Fomu Na. 1, ya kuomba usimamizi wa mirathi. Shemeji amesema hataweka sahihi kwenye muhtasari wowote. Fomu ina sehemu ya watoto. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja kabla yangu, anaishi Chunya kwa bibi yake. Niandike wangu watatu tu?

Binti Kiwira:

Hapana dada yangu, andika wanne. Mtoto wa Chunya ni mtoto wa marehemu, na ukimficha shemeji atamleta yeye, nawe utaonekana mwongo mbele ya hakimu. Sahihi ya shemeji isikuzuie. Mweleze karani kwamba amekataa, mahakama itamwita aeleze sababu zake mwenyewe. Nenda na cheti cha kifo, barua ya mtendaji, nakala ya karatasi yenye dole gumba lako na majirani wawili. Na kwenye madeni, andika yote, hata kama ni la mbolea ya msimu uliopita, kiasi na anayedai.

Mjane wa Usangu:

La mbolea lipo, mifuko mitatu, sikuwa nimelifikiria. Naliandika sasa hivi.